Jamaa Zetu Waliofungiwa Mombasa, Mwaka 2020



Twaomba ruhusa tuwakumbushe habari ya nyumba moja ya watu wetu wakaao Mji wa Kale, Mombasa. Tarehe 8 Aprili 2020, kwa ajili ya Korona, Serikali ilifunga njia za Mombasa, Kilifi na Kwale. Tarehe 6 Mei Mji wa Kale wenyewe ukafungwa. Baba hana kazi, watoto wanne hawana shule, chumba kimoja. Huku kwetu Mto Tana umefurika, na mama yake akafariki Garsen.

Tulimzika sisi, naye akiitikia dua kwa simu. Fedha za matanga alizileta kwa M-Pesa, mia tisa leo, mia tisa kesho, maana siku zile kiasi kisichozidi shilingi 1,000 hakikutozwa ada.

Wako waliosema kwamba amesahau kwao. Twasema, kwa heshima ya wazee, kwamba walimwonea. Mombasa ilipofunguliwa tarehe 7 Julai alikuja, akafika kaburini kabla ya kunywa maji. Jina lake limo daftarini, wala ada zake za mwaka ule hazikupungua.