Bei ya Kitunguu na Kitabu cha Hesabu: Tuliyoyaona Katika Habari za India

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanavikundi vya kujisaidia katika mkutano wa vikundi vya parokia)



Tumeombwa tuseme juu ya gharama ya maisha. Tunajua mmechoka kuisikia hiyo habari, maana kila mmoja wenu anaisoma dukani kila siku bila kufundishwa na mtu.

Katika mkutano uliopita mama mmoja alisimama kule nyuma akasema, "Nyinyi mnatufundisha kuweka akiba. Akiba gani, na pesa ya unga yenyewe haitoshi? Afadhali tutoke na sufuria zetu tukazipige barabarani serikali isikie." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Sisi tulimjibu haraka haraka kwamba jambo hilo halimo katika ajenda, tukaendelea. Tulipofika nyumbani tuliona kwamba tumemkosea. Kwa hivyo leo tumemletea jibu, na tumelitoa mbali, nchi ya India, kwa sababu huko akina mama walitoka kweli na vyombo vyao, na miaka hamsini imepita tangu hapo. Tunaweza kuona kilichofuata.

India ni nchi ya watu zaidi ya bilioni moja na milioni mia nne. Chapati zetu asili yake ni huko, na rupia yao ilitumika hata hapa Kenya mpaka mwaka wa 1920. Nchi imegawanyika katika majimbo, na kila jimbo lina waziri mkuu wake, mbali na waziri mkuu wa nchi nzima. Shikeni hilo, tutalihitaji.

Mwaka wa 1972 mvua ilikosa katika jimbo la Maharashtra, ambalo mji wake mkuu ni Bombay, siku hizi Mumbai. Chakula kikapanda bei, na mafuta taa na mafuta ya kupikia vikaadimika. Akina mama wa mjini wakaungana kupinga kupanda kwa bei. Waliowaongoza, kama Mrinal Gore na Ahilya Rangnekar, walitoka vyama tofauti vya siasa, lakini kwa jambo la jikoni walikaa meza moja. Walitoka maelfu kwa maelfu, kila mmoja na sahani ya chuma na mti wa kusukumia chapati, wakawa wanapiga. Hebu fikirieni kelele hiyo! Hapa kwetu mwaka wa 1973 hakuna aliyeiona, lakini mwaka wa 2023 tuliona watu wamevaa sufuria kichwani katika maandamano ya Nairobi, kwa hivyo si jambo geni.

Katika jimbo la jirani, Gujarat, fujo ilianza na bei ya chakula cha wanafunzi. Mwisho wa mwaka wa 1973 chuo kimoja cha uhandisi katika mji wa Ahmedabad kiliongeza malipo ya chakula cha bweni. Wanafunzi wakakataa. Wananchi waliokuwa na njaa zao wakaungana nao, na kufika mwezi wa Februari 1974 waziri mkuu wa jimbo, Chimanbhai Patel, alikuwa amejiuzulu. Mwaka uliofuata, Juni 1975, Bi Indira Gandhi aliyekuwa waziri mkuu wa India alitangaza hali ya hatari. Wapinzani wengi walitiwa ndani, na Mrinal Gore alikuwa mmoja wao. Mwaka wa 1977 wananchi walipopewa kura walimwondoa Bi Gandhi.

Sasa ndipo kitunguu kinapoingia. Serikali iliyomfuata haikudumu. Uchaguzi wa Januari 1980 ulipokaribia, kitunguu kilikuwa kimepanda sana, naye Bi Gandhi akakitumia katika kampeni zake: serikali isiyoweza hata bei ya kitunguu itaweza nini? Akarudi madarakani. Mwaka wa 1998 kitunguu kilipanda tena, na chama cha BJP kilichotawala jimbo la Delhi kikashindwa. Akaingia Bi Sheila Dikshit wa chama cha Congress. Akakaa miaka kumi na tano. Mwaka wa 2013 kitunguu kikapanda tena, na mwisho wa mwaka huo naye akaondolewa kwa kura. Hatusemi ni kitunguu peke yake, maana watu walikuwa wamechoshwa na ufisadi pia. Lakini mtaona: kitunguu kilimleta, na alipokuwa anaondoka kitunguu kilikuwepo mlangoni.

Mama, swali lako ni hili: je, kupiga sahani kunasaidia? Kunasaidia kuwatoa watu madarakani. Hilo India imelionyesha mara nyingi. Lakini tumehesabu, 1980, 1998, 2013, na kila mara kitunguu kilirudi kupanda chini ya wale wapya.

Kwa nini? Sisi wakulima tunaweza kuelewa kuliko watu wa mjini. Kitunguu kingi cha India huvunwa kati ya Machi na Mei, kikawekwa ghalani kiliwe miezi ya mvua. Kingine huingia sokoni kuanzia Oktoba. Kile cha ghala huoza kidogo kidogo, na mvua ya Septemba ikizidi, kile cha shambani nacho huharibika. Hapo katikati soko huwa tupu, na mwenye ghala zuri na mtaji ndiye anayepanga bei. Soko kubwa kabisa la kitunguu liko Lasalgaon, wilaya ya Nashik, katika jimbo lile lile la Maharashtra.

Na serikali ikiogopa kelele za mjini hufanya nini? Inafunga mpaka ili kitunguu kisiuzwe nje. Agosti 2023 iliweka ushuru wa asilimia 40 juu ya kitunguu kinachotoka nchini, na Desemba ikapiga marufuku kabisa. Mama wa Delhi akashukuru. Lakini mkulima wa Nashik, ambaye mvua nyingine zikija vizuri huuza kwa bei isiyorudisha hata pesa ya mbegu, aliona sasa bei imepanda kidogo na serikali imemfungia mlango. Marufuku iliondolewa Mei 2024, uchaguzi ukiwa umeanza. Katika uchaguzi huo wagombea wa muungano wa serikali walishindwa Nashik na Dindori, nchi ya vitunguu, na chama cha Waziri Mkuu Narendra Modi kikapata viti 240 tu kati ya 543, ikabidi kitawale kwa kushikwa mkono na vyama vingine.

Tunalitaja hili kwa sababu katika chumba hiki sisi ni watu wa pande zote mbili. Mwezi wa nane tunauza mahindi na kulia kwamba dalali anatupunja. Mwezi wa tano tunanunua kwa gorogoro na kulia kwamba bei iko juu. Ni mtu yule yule analia.

Basi tuache kitunguu, twende kwenye nafaka. Huku ndiko tuliona kitu ambacho kelele peke yake haikuleta.

India ina maduka ya bei nafuu yapatayo laki tano, ambapo familia yenye kadi hupata mchele au ngano ya serikali. Maduka hayo yalikuwepo miaka mingi. Lakini mwenye kadi alikuwa akifika anaambiwa, "Haijaletwa. Rudi wiki ijayo." Wiki ijayo, "Imekwisha." Na katika kitabu cha duka imeandikwa kwamba amechukua kilo zake zote, na alama ya dole gumba imewekwa. Nafaka ilikuwa imeuzwa kwa mlango wa nyuma. Mtu angepiga sahani mbele ya duka hilo mpaka ipasuke, na kitabu kingebaki kimefungwa.

Katika jimbo la Rajasthan, nchi ya ukame, kikundi cha wakulima na vibarua kiliundwa mwaka wa 1990 kwa jina la Mazdoor Kisan Shakti Sangathan. Kati ya waanzilishi alikuwepo Bi Aruna Roy, aliyekuwa ofisa wa serikali akaacha kazi. Vibarua walichimba mabwawa na barabara za kazi za njaa, wakalipwa chini ya kiwango cha sheria. Wakiuliza, wanaambiwa, "Kulingana na orodha, hamkumaliza kazi." Wakasema, basi tuonyesheni orodha. Jibu: orodha ni siri ya serikali.

Jamani, siri gani? Jina langu, siku nilizochimba, na pesa niliyolipwa!

Walipata nakala za baadhi ya vitabu, wakaita mkutano wa wazi Desemba 1994 katika kijiji cha Kot Kirana. Hakukuwa na matusi. Mtu alisimama akasoma: fulani, siku kadhaa, rupia kadhaa. Na fulani yuko pale ameketi, anasema, mimi sikufanya kazi hiyo wala sikupata pesa hiyo. Katika mikutano ya namna hiyo yalisomwa majina ya marehemu waliolipwa mshahara, na majengo yaliyolipiwa ambayo hayapo. Kilio chao kikawa maneno machache: pesa zetu, hesabu zetu. Mwaka wa 1996 walikaa siku arobaini katika mji wa Beawar wakidai sheria. Wenyeji wa mji waliwaletea mboga na nafaka ili wasiondoke. Sheria ya nchi nzima ya haki ya kupata habari ilipitishwa mwaka wa 2005.

Kabla ya hapo, mwaka wa 2001, watu wa Rajasthan walikuwa wakiteseka kwa njaa huku maghala ya serikali yakiwa na nafaka zaidi ya tani milioni 40. Chama cha kutetea haki za wananchi kikaipeleka serikali Mahakama ya Juu. Mwezi wa Novemba mahakama ikaamuru watoto wa shule za msingi za serikali wapikiwe chakula cha mchana. Kesi hiyo na kelele za vikundi vikazaa sheria ya chakula ya mwaka wa 2013: kilo tano kwa kila mtu kwa mwezi, mchele kwa rupia 3 kilo, ngano kwa rupia 2. Tangu Januari 2023 inatolewa bure, na wanaohesabiwa ni watu milioni 800 hivi.

Hatutaki mwondoke mkidhani huko sasa ni paradiso. Mei 2022 mtungi wa gesi ya kupikia ulipita rupia 1,000, na wako akina mama waliopewa jiko la gesi na serikali wakarudi kwenye kuni. Julai 2023 nyanya ilifika rupia 200 kilo katika baadhi ya miji. Maduka ya nafaka yamewekewa mashine ya kusoma alama za vidole, na wazee ambao vidole vyao vimechakaa kwa jembe hukataliwa na mashine. Na wako waliouliza hesabu wakauawa. Kufungua kitabu si mchezo.

Hapa Kenya pia haki hiyo tunayo. Imo katika kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka wa 2010, na sheria yake ikapitishwa mwaka wa 2016. Mwananchi anaweza kuandika barua kuuliza pesa za basari za wadi zimekwenda kwa nani, au mradi wa maji uliosimama ulitengewa kiasi gani. Tukimaliza, yeyote anayetaka tutaketi naye tuiandike.

Lakini tulipokuwa tunatayarisha maneno haya, jambo moja lilitukaba koo. Ghala la mahindi la vikundi vyetu, lile tulilolianzisha ili mwanakikundi anunue kwa bei ya mavuno hata mwezi wa njaa. Mwezi wa tano gorogoro ilipandishwa bei. Mkanung'unika. Sisi washauri wenu tukasema kamati imeamua, muwe na subira. Hakuna aliyewasomea magunia mangapi yaliingia, mangapi yaliliwa na fukusi, mangapi yaliuzwa na kwa nani. Na kitabu hakikupotea. Kilikuwa ndani ya kabati la ofisi yetu, tumekifungia na ufunguo tunao sisi. Tulidhani tunakihifadhi.

Hatumshtaki mweka hazina. Huenda kila shilingi iko mahali pake. Hatujui, na nyinyi hamjui, na yeye mwenyewe amebeba maneno ya watu mwaka mzima bila njia ya kujitetea.

Kitabu tumekuja nacho. Mwenyekiti ametukubalia saa moja. Tunaomba yule mama wa kule nyuma aje akae hapa mbele karibu na katibu, na kila jina likisomwa, mwenye jina aseme ndiyo au hapana. Asiyejua kusoma atasomewa mara mbili. Katibu, anza na mwezi wa nane, siku ghala lilipofunguliwa.