Kabla ya Kununua Trekta Dogo

Mtu mwenye ekari 3 anayetaka trekta la kusawazisha kiwanja, kufyeka majani na kusomba udongo, asihangaike sana na nguvu farasi, 25 zinamtosha. Aulize uzito, kisha vipuri vinapatikana wapi. Umuhimu wa uzito ulionekana baada ya mpango wa serikali wa Kilimo Kwanza kuzinduliwa mwaka 2009, pale pawatila, yaani trekta ndogo za magurudumu mawili, ziliposambazwa wilaya nyingi za Tanzania. Kwenye majaruba ya mpunga zilifaa. Kwenye udongo mkavu, mgumu, wepesi ule ule uliozisaidia topeni ukazifanya zikwaruze juu juu tu. Na mteremkoni, ndoo ya mbele ya trekta ikijaa kokoto ibaki chini karibu na ardhi. Ikiinuliwa, trekta hupinduka kirahisi. Lisilo na chuma cha kumkinga dereva, pamoja na mkanda, lisinunuliwe hata kwa nusu bei.