Hotuba Juu ya Sumu ya Nyama ya Kasa



Nimesimama mbele yenu kusema machache juu ya jambo linalowahusu hasa watu wa pwani na visiwa, yaani sumu ipatikanayo katika nyama ya kasa. Sikuja kuwaogofya watu bure. Yaliyotukia Pemba yatosha kuwa fundisho.

Mwezi wa Novemba, mwaka 2021, watu 7 walikufa huko Pemba kwa kula nyama ya kasa. Tena mwezi wa Machi, mwaka 2024, katika Kisiwa cha Panza, watu walikula kasa siku ya Jumanne, tarehe 5. Kabla ya juma kwisha walikuwa wamekufa watoto 8 na mtu mzima mmoja. Mtu mzima huyo alikuwa mama, naye mtoto wake alikuwa amekwisha kumtangulia. Wengine 78 walipelekwa hospitali. Walipopimwa, ilithibitika kwamba wote walikuwa wamekula nyama ya kasa.

Labda mtu ataniuliza, "Babu zetu walikula kasa hata wakaota mvi. Sumu hii imetoka wapi?" Swali hili lastahili jibu. Kasa hazaliwi na sumu. Wataalamu hudhani kwamba huipata katika chakula chake, kwani baharini mna mimea midogo mno, na mingine ina sumu. Sumu hiyo hukusanyika mwilini mwake kidogo kidogo, wala yeye mwenyewe haonekani kudhurika. Basi kasa wa jana aliliwa kwa amani, na wa leo ni mauti, ingawa wametoka katika bahari moja. Babu zetu hawakuwa na kinga. Walikuwa na bahati.

Tazameni, bunju pia ana sumu, lakini kila mvuvi humtambua kwa umbo lake na kwa kuvimba kwake, akamtupa. Kasa mwenye sumu hana alama. Huogelea kama wenziwe, na nyama yake haina dalili ya kumwonya mlaji. Wala moto hauiondoi sumu hiyo. Mkichemsha au mkichoma, ni mamoja.

Tena msidanganyike mkiona waliotangulia kula wangali wazima. Ugonjwa huweza kuanza baada ya saa chache, au baada ya siku kadha. Mgonjwa huona kinywa na koo vikiwasha na kuungua, hutapika, huumwa na tumbo, hupata vidonda kinywani. Kisha usingizi mzito humshika, na wengine hawaamki tena. Watoto ndio wafao zaidi. Hata mtoto anyonyaye aweza kudhurika kwa maziwa ya mama aliyekula nyama hiyo.

Hapa pana jambo la kusikitisha. Kasa mmoja ana nyama nyingi, na desturi yetu njema ni kugawana na jirani. Kwa hiyo ukarimu wenyewe ndio unaoichukua sumu nyumba kwa nyumba. Aliyepeleka sahani kwa jirani hakukusudia ubaya. Alipeleka kitoweo, kumbe amepeleka msiba.

Basi nawasihi haya. Wavuvi, kasa akinaswa wavuni, mwacheni aende zake. Hata sheria yamlinda. Akina mama, mkiletewa nyama yake, msione haya kuikataa, wala msimpe paka au kuku. Waalimu, wafundisheni watoto, maana mtoto hukimbilia penye harufu ya kitoweo pasipo kuuliza. Masheha na machifu, mkisikia kasa amechinjwa, pigeni mbiu siku ile ile, na kila aliyekula apelekwe hospitali hata kama hajaumwa. Dawa ya kuiua sumu hiyo haijapatikana, lakini waganga waweza kumsaidia mgonjwa kupumua na kumwongezea maji mwilini, naye afikaye mapema ana tumaini zaidi.

Wazee walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini katika jambo hili avunjikaye si yule asiyesikia peke yake, bali na mtoto aliyeketi naye sahani moja. Heri tulale na mboga za majani, tuamke wote.

Nakoma hapa.