Banda la Uani kwa Mabati Matano

(Maneno ya kamati ya ujenzi kwa mkutano wa wanachama. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale waliokuwa shambani, na wale waliokaa nyuma wasisikie vizuri kwa sababu ya upepo.)

Ndugu wanachama, kina mama na kina baba, na vijana mliosimama pale mlangoni,

Tunaanza na deni. Mnalikumbuka lile banda tulilojenga nyuma ya ofisi, mkalisifu, na sisi tukavimba vichwa. Lilikaa mvua mbili tu. Mvua ya tatu, usiku mmoja wa Januari, paa lililala upande, na asubuhi tukakuta mifuko minne ya urea imekuwa uji. Mifuko ile haikuwa mali ya chama. Ilikuwa ya wanachama wanne waliotuamini wakatuachia tuwatunzie. Mmoja wao ni mama mjane mwenye eka moja, na wote tuliyaona mahindi yake mwaka ule yalivyokuwa ya manjano mpaka yanakomaa. Chama kimekwisha kuwalipa watatu. Mama mwenyewe alisema walipwe kwanza wenye watoto wa shule, kwa hiyo deni lake bado limo daftarini mpaka leo.

Hatukuja kujitetea. Tumekuja kusema tulikosea wapi, kwa kuwa wengi wenu mmetuambia mnataka banda kama lile uani kwenu. Tukinyamaza mtajenga makosa yetu.

Na haja ya banda ipo, jamani. Tangu usiku ule hakuna mtu anayekubali kuweka kitu chake ofisini, na hatuwezi kumlaumu. Lakini tulipopita nyumba kwa nyumba kuandikisha mahitaji ya mbolea, tuliona mambo. Mbolea chini ya kitanda cha watoto. Majembe nyuma ya mlango, makali yakiangalia juu. Nyumba moja, hatuisemi, chupa ya dawa ya wadudu ilikuwa dirishani karibu na kikombe cha mtoto. Mwenye nyumba alituambia, "Niiweke wapi?" Hatukuwa na jibu. Jibu la swali hilo ndiyo kazi ya leo.

Sasa makosa. La kwanza, mirunda. Tuliikata mibichi, tukaichimbia ardhini na maganda yake, tukaona tumemaliza. Mchwa hakuhitaji mwaliko. Tulipong'oa nguzo za pembeni, chini kulikuwa na ganda tupu, ndani udongo. La pili, na hili ndilo linatuuma zaidi, tulinunua saruji mifuko sita. Tukapiga sakafu inayong'aa, tukapaka kuta zote saruji ili lionekane jengo la kisasa. Saruji haishikani na ukuta wa udongo. Ukuta unapumua, unavimba na kusinyaa, saruji imekaza. Ikapasuka, maji yakaingia nyuma yake yakakosa pa kutokea, ukuta ukaoza ndani huku nje mweupe. Na kwa sababu fedha iliishia kwenye sakafu na plasta, paa tuliezeka kwa mabati chakavu, mafupi, yenye matundu tuliyoziba kwa lami. Kwa kifupi, fedha yetu ilikwenda panapoonekana na watu, na maji yakaenda kule tusikokutazama.

Baada ya hapo tulikaa chini, na fundi wetu mzee akatuuliza swali moja. "Bati lina urefu gani?" Tukasema futi 10. Akasema, "Basi anzeni hapo. Msipime banda halafu mkalikata bati. Pimeni bati, halafu banda lifuate."

Hebu sikilizeni hesabu hii, maana ndiyo yenye fedha yenu. Bati tulilonunua, likipishana na mwenzake mgongo mmoja, linafunika karibu futi 2. Mabati 5 yanafunika futi 10. Kwa hiyo tukiwa na mabati 5 ya futi 10, tuna paa la futi 10 kwa 10. Chini yake tunaweka banda la futi 8 kwa futi 6. Kwenye ule urefu wa futi 8, paa linazidi futi 1 kila upande. Kwenye ule upana wa futi 6 bati linalala kwa mteremko. Ukuta wa mbele juu futi 7 na nusu, wa nyuma futi 6, na linatokeza kiasi cha futi 1 na inchi 8 mbele, na futi 2 nyuma. Hakuna bati linalokatwa. Hakuna kipande kinachobaki kikaishia kuwa mlango wa banda la kuku la fundi. (Fundi mwenyewe alicheka hapa.)

Tena kuna jambo lililotufurahisha. Mnajua shida ya kupata kona iliyonyooka. Banda la futi 8 kwa 6, ukipima kutoka kona mpaka kona ya upande wa pili, ni lazima upate futi 10 kamili. Ni urefu wa bati lile lile! Basi kata kamba ya urefu wa bati, ivute kona kwa kona, kisha kona zile nyingine mbili. Kamba ikienea sawa pande zote, kona zako ziko sawa. Ikizidi au ikipungua, sogeza mambo mpaka itulie. Mtoto wa darasa la nne anaweza, na kwenye banda la pili mtoto wa darasa la nne ndiye aliyetushikia kamba.

Msingi. Safari hii hakuna mti unaoingia ardhini. Chimba futi 1, jaza mawe na udongo, pandisha mawe mpaka futi 1 juu ya ardhi. Hapo ndipo mfuko wa saruji unapofanya kazi, tena mfuko mmoja tu, sehemu 1 ya saruji kwa 5 za mchanga. Jaza viungo vya mawe kwa nje, na juu ya msingi wote funika kwa saruji ya inchi 2. Mchwa akitaka kupanda atalazimika kujenga njia yake kwa nje ya mawe, na wewe utaiona. Ikwangue kila wiki. Juu ya saruji ikishakauka, tandika karatasi la nailoni kabla ya tofali la kwanza, unyevu usipande ukutani. Kiasi cha mita 9 kinatosha kuzunguka.

Matofali ni mabichi, hayachomwi. Tumeulizwa kwa nini. Kuchoma kunataka kuni nyingi, na kuni kina mama wanazifuata mbali siku hizi. Tofali bichi lisilolowa halina ubaya wowote. Paa linalotokeza kotekote na msingi mrefu ndivyo vinavyolilinda. Udongo mzuri tuliupata kwenye kichuguu kilichokufa karibu na mto. Mchwa alitula banda la kwanza, basi na alipe la pili. Changanya na nyasi zilizokatwakatwa, ukande kwa miguu, uache ulale usiku. Fyatua kwanza matatu ya majaribio. Yakipasuka, ongeza mchanga. Kalibu yetu ni inchi 12 kwa 6 kwa 5, na banda zima linakula kama matofali 270. Fyatua 300, maana mbuzi watapita juu ya mengine. Watu wawili wakishachotewa maji wanatoa 60 kwa siku bila kujiua.

Lakini wakati, ndugu. Huku kwetu Mufindi ukungu wa Juni na Julai haukaushi hata shati. Fyatueni Agosti, mgeuze tofali lisimame siku ya tatu, liachwe wiki nne. Kuta Septemba, paa Oktoba. Anayeanza kufyatua Novemba anafyatulia mvua.

Kuta zikipanda, ukifika mistari minne kabla ya juu, pitisha waya chini ya tofali, ncha zake zining'inie pande zote mbili. Zikimalizika, laza ubanzi mmoja mrefu juu ya ukuta wa mbele na mmoja wa nyuma ili uzito usikae mahali pamoja, weka mirunda mitatu ya kuteremkia, na zile waya ziizungushe na kuikaza. Upepo haulibomoi banda kwa kulisukuma, unalivua kofia. Paa letu la kwanza halikufungwa na kitu ila misumari minane. Juu ya hiyo mitatu laza minne ya kukingama, ndiyo itakayopokea mabati. Jumla mirunda 7 ya futi 10, iliyobanduliwa maganda na kukauka, na kipande cha juu ya mlango. Msumari wa bati upigwe mgongoni, usipigwe bondeni ambako maji yanapita, na chini ya kichwa chake weka kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli.

Kwa plasta, udongo uliochujwa, mchanga, nyasi na samadi ya ng'ombe. Utarudia kila baada ya mavuno, kazi ya asubuhi moja. Mlango ni mabanzi ya paini kutoka kwa wapasua mbao, futi 5 na nusu. Mrefu atainama, ni stoo si ukumbi.

Ndani, mbolea ikae juu ya mabanzi, isiguse sakafu wala ukuta, na isikae pamoja na majembe kwa kuwa chumvi yake inakula chuma. Dawa ya wadudu juu kabisa, ndani ya debe lenye kufuli, na ufunguo usining'inie mlangoni. Chakula kisiingie humo. Mahindi yana mahali pake. Dumuzi tuliyempata nchini miaka ya 1970 mwishoni, kuanzia Tabora, anatoboa hata mti mkavu, hajali banda lako limejengwaje. Mahindi yatiwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa.

Vya kununua ni hivi tu: mabati 5, saruji mfuko 1, misumari ya bati kilo 1 na ya kawaida kilo 1, waya, nailoni, bawaba 2 na makufuli 2. Bei hatuziandiki. Bei ya juzi siyo ya leo, na kila mtu ana shemeji mwenye duka.

Sasa jambo lenye ubishi. Chama kitakopesha mabati, yalipwe kwa mavuno mawili. Wapo waliosema usawa ni kila mwanachama apate bati moja moja mwaka huu. Tumelisikia, tunalikataa kwa heshima. Bati moja halifuniki hata kuku na vifaranga vyake, na mabati yaliyolala chini ya kitanda miaka mitano tunajua yanakwenda wapi. Tunaomba kaya tano tano ziungane. Wajenge pamoja banda la mmoja mpaka liishe, ndipo waende la pili. Zamu ipangwe kwa kura. Wazee wanakumbuka mwaka 1973, kwenye kampeni ya Mtu ni Afya, vikundi vilivyokaa na redio vikatoka hapo kwenda kuchimba vyoo. Hakuna aliyechimba tundu nusu kwa ajili ya usawa.

Ila kura ya kwanza hatutaipiga. Banda la kwanza ni la yule mama. Mawe tumekwisha kuyasogeza uani kwake, kamati yenyewe itafyatua matofali, na mabati yake hayatakuwa mkopo. Urea yake italipwa vilevile, hilo ni jambo jingine na lisichanganywe na hili.

Vikundi viandikishwe kwa katibu kabla ya mwisho wa mwezi. Kalibu zipo mbili. Anayeichukua airudishe imeoshwa, tena siku ile ile.