Siku ya Kustaafu Yajulikana, Basi Tujitayarishe

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi la wafanya kazi wa reli)



Kamati imetuomba tuseme machache juu ya maisha baada ya kazi. Huenda wengine watacheka, kwa kuwa sisi tunaosema tungali watu wa miaka thelathini na kitu, wala hatujaota mvi. Lakini hiyo ndiyo sababu tumekubali. Mzee wa miaka 59 hotuba hii imemchelewa. Mwenye haja nayo ni kijana.

Katika kazi yetu gari la moshi haliondoki stesheni bila ratiba. Dereva ajua atapishana wapi na gari jingine, na atafika mwisho saa ngapi. Lakini sisi wenyewe, ambao siku yetu ya mwisho yajulikana tangu siku tulipoandikwa kazi, twaifikia kama watu walioamshwa usingizini.

Tufanye hesabu kidogo. Mtu wa miaka 35 atakayestaafu akiwa na miaka 60 amebakiwa na miaka 25. Hiyo ni miezi 300. Maana yake amebakiwa na mishahara 300 tu, na mwezi huu ukiisha itakuwa 299. Akiweka shilingi 1,000 kila mwezi atakuwa na shilingi 300,000 kabla ya kuhesabu faida. Akingoja mpaka afike miaka 50, mishahara iliyobaki ni 120, na ili apate fedha zile zile itambidi aweke shilingi 2,500 kila mwezi, wakati ambapo watoto wako sekondari na karo yamngoja.

Tulikuwa na mzee mmoja katika gangi, aliyetufundisha wengi wetu kazi ya njia ya reli. Kila mwaka alipokwenda likizo alisema atajenga mwaka ujao. Siku ya kustaafu ilipofika akapewa barua, na muda mfupi wa kuhama nyumba ya kazi, na kwao hakuwa na hata kibanda. Alipopata fedha zake akanunua gari kuukuu la abiria, kwa kuwa aliambiwa biashara hiyo haina hasara. Mzee yule alijua reli. Magari ya barabarani hakuyajua. Mwaka haukwisha, gari likawa juu ya mawe. Mkewe hakujua hata ni fedha ngapi zilizopokelewa. Sisi ndio tuliochanga nauli yake ya kurudi kwao. Alipokuwa akipanda basi alitwambia, "Msinionee huruma. Hesabuni za kwenu."

Basi ndugu, tuhesabu za kwetu.

Kwanza, Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF. Hazina hii ilianzishwa mwaka 1965. Kwa miaka mingi, mpaka mwanzo wa mwaka 2023, wengi wetu tulikatwa shilingi 200 kwa mwezi, na mwajiri akaongeza 200. Hizo ni shilingi 4,800 kwa mwaka, na kwa miaka 20 ni 96,000, mbali na faida. Ndiyo maana wazee wengi hushangaa wanapoona hundi yao. Tangu Februari 2023 sheria iliyopitishwa mwaka 2013 imeanza kutumika: mfanya kazi hukatwa sehemu 6 katika kila mia ya mshahara wake, mpaka kiwango kilichowekwa, na mwajiri hutoa kiasi hicho hicho. Tunanung'unika tukiona makato, na kweli yanauma. Lakini nusu ya akiba hiyo ni fedha ya mwajiri, nasi tuifuate mpaka tujue imefika.

Pili, karatasi. Jina katika kitambulisho, katika kazi na katika NSSF liwe moja. Jina la mtu wa kulipwa tukifa liwe la mtu aliye hai. Wako wenzetu ambao bado wameandika jina la mama aliyekwisha zikwa, na hali wana mke na watoto.

Tatu, nyumba. Tujenge tungali na mshahara, chumba kimoja kimoja. Nyumba ya kazi ni ya kazi. Siku kazi ikiisha, ufunguo hurudi.

Nne, biashara. Akiba haiozi, lakini huibwa na tamaa. Kama twataka kufuga kuku au kufungua duka, tuanze kidogo tukiwa kazini, tukosee kwa fedha ndogo. Na mke ajue kila shilingi, kwa kuwa ndiye atakayebaki nasi wakati wenzetu wa kazi wamekwisha tawanyika.

Tano, moyo wenyewe. Mtu aliyeamka kwa king'ora miaka 30 akikosa la kufanya asubuhi huanza kuugua. Twamjua gadi mstaafu anayeandika vitabu vya chama cha maji kijijini kwao. Mkono uliozoea kuandika saa za magari sasa waandika mitungi, na watu humngojea. Kila mmoja wetu ana ujuzi unaohitajiwa mahali. Tuutafute mahali hapo mapema.

Mwisho, Bwana Mwenyekiti, twaliweka jambo moja mbele ya tawi lipigiwe kura. Kila Januari kila mwanachama alete taarifa yake ya NSSF, na mwandishi wa tawi aandike kila mwezi uliokosekana. Kamati iupeleke kwa mwajiri mwaka huo huo. Karatasi ya mwaka jana hupatikana; ya miaka 20 iliyopita huambiwa imeliwa na mchwa. Mfanya kazi aliye peke yake, tena amekwisha staafu, husukumwa kutoka dirisha hili hadi lile. Tukienda sote tungali kazini, tutasikilizwa.

Yusufu kule Misri aliweka nafaka miaka ya shibe, si miaka ya njaa. Mishahara yetu si shibe, twajua. Lakini ndiyo miaka tuliyo nayo.