Nafasi Arobaini na Nane



Nimeombwa niseme juu ya michezo, nami nimechagua vishale. Msicheke.

Ubingwa wa dunia huchezwa Alexandra Palace, London. Kwa mashindano ya 2026 nafasi zilikuwa 128: 40 za waliopata fedha nyingi za ushindi kwa miaka miwili, 40 za waliotangulia katika Pro Tour kwa mwaka, na 48 za michujo ya kimataifa. Hizi 48 ndizo zinazonung'unikiwa, ati ni za kubebwa. Mimi, ambaye kazi yangu ofisini ni kupokea maombi ya nafasi, sikubali. Aliyealikwa hupewa barua; aliyefuzu amemshinda mtu.

David Munyua, daktari wetu wa mifugo, alifuzu kwa mchujo wa Afrika, Mkenya wa kwanza kufika pale. Desemba 2025 alipangiwa Mbelgiji Mike De Decker, bingwa wa World Grand Prix ya 2024. Akatanguliwa seti mbili kwa nunge. Akachukua tatu zilizofuata!

Nasikia ubao wa bwaloni umebakiwa na vishale viwili, na zamu moja hutaka vitatu. Nimeleta kasha, Kiranja wa Michezo aje alichukue.