Nyumba Kati ya Nairobi na Thika: Tunanunua Nini, na kwa Nani?

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo katika semina ya Kwaresima



Tumepewa saa moja kuzungumza juu ya haki ya kuwa na makao. Tungeweza kuanza na sheria, kwa maana Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 inasema kwamba kila mtu ana haki ya kupata makao yanayofaa. Lakini tumeona afadhali tuanze na jambo lililotokea hapa hapa parokiani, kwa kuwa Tume ya Haki na Amani isiyoweza kukiri kosa lake haina uso wa kuwakosoa wengine.

Miaka kadhaa iliyopita, baada ya Misa ya pili, tulimruhusu mtu mmoja asimame mbele ya waamini atangaze viwanja. Alikuwa nadhifu, msemaji mpole, na alikuwa ameahidi mchango kwa ujenzi wa ukumbi huu tulimoketi. Jumapili iliyofuata lilikuja basi dogo, likawachukua watu bila nauli hadi upande wa Ruiru, mahali palipokuwa na mibuni hadi juzi juzi tu. Familia saba za parokia yetu zililipa. Baadhi walikopa katika Sacco zao. Mjane mmoja alitoa fedha zote alizopokea kazini kwa marehemu mumewe. Wakapewa vyeti vya hisa vyenye muhuri mwekundu, na ahadi kwamba hatimiliki zinashughulikiwa.

Baada ya miaka miwili yule mjane alipeleka mawe ya msingi. Akakuta msingi wa mtu mwingine umekwisha kuchimbwa. Mwenye msingi huo, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa na cheti kama chake, chenye nambari ile ile ya kiwanja. Wote wawili walikuwa wamelipa shilingi kwa shilingi. Ofisi iliyowauzia ilikuwa imefungwa, na simu haipokewi.

Alipokuja kwetu tulimwuliza swali ambalo hadi leo tunaona haya kulikumbuka: “Mama, kwa nini hukuulizia kwanza?” Akatujibu, “Niliuliza. Nilijiuliza nafsini mwangu, kama mtu huyu si mwaminifu, Kanisa lingempa kipaza sauti?”

Ndugu zetu, mengine yote tutakayosema leo yanatokana na jibu hilo.

Kwanza tuelewe kwa nini mambo haya yanatupata sisi tunaokaa kati ya miji hii miwili. Kutoka Nairobi hadi Thika ni kama kilomita 45. Barabara kuu iliyopanuliwa ilifunguliwa rasmi Novemba 2012, na tangu hapo mtu anaweza kulala Ruiru au Juja, akafanya kazi mjini Nairobi au katika viwanda vya Thika, na kurudi kwake jioni. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilikuta mji wa Ruiru una watu wapatao 240,000. Ile ya mwaka 2019 ikakuta wamezidi 490,000. Katika miaka kumi mji ulijaa mara mbili. Mashamba ya kahawa na mkonge yakakatwakatwa. Mpangaji wa Githurai au Kahawa aliyechoka kupandishiwa kodi kila Januari akaona mlango umefunguka. Hatumlaumu. Anayetaka paa lake mwenyewe kwa ajili ya watoto wake hana tamaa mbaya. Ana haja iliyo halali kabisa, na haja iliyo halali ndiyo chambo bora kuliko vyote mkononi mwa tapeli.

Pili, tuelewe ardhi hii ilitufikiaje. Uhuru ulipopatikana, walowezi wengi waliuza mashamba yao makubwa. Wazee wetu, ambao mmoja mmoja wasingeweza kununua hata ekari tano, walichanga fedha katika kampuni na vyama vya ushirika vya kununua ardhi. Hilo lilikuwa jambo jema, na tuna wazee hapa waliolishiriki. Kila mwanachama alipata hisa, shamba likapimwa, watu wakapiga kura kila mmoja apate nambari yake. Lakini katika kampuni nyingi kazi iliishia hapo. Hatimiliki ya shamba zima ilibaki kwa jina la kampuni, daftari la wanachama likabaki kabatini mwa wakurugenzi, wanachama wakafa, watoto wao wakagombana, na kabati likarithiwa na watu wengine. Cheti cha hisa kilichotolewa mwaka 1972 kikauzwa, kikauzwa tena, kikaandikwa upya.

Hapo ndipo penye mtego ambao wengi hawauoni. Cheti cha hisa hakisemi kwamba ardhi ni yako. Kinasema kwamba kampuni imekutambua kuwa mwanachama wake. Kampuni ikiwa na uaminifu, kitakufikisha kwenye hatimiliki siku moja. Ikikosa uaminifu, umeshika karatasi inayokupa haki ya kuidai kampuni ambayo haina tena kitu. Yule mama na yule mwalimu hawakuwa na ugomvi wa ardhi, ingawa walisimama juu yake wakitazamana kwa machozi. Walikuwa wadai wawili wa mdaiwa mmoja aliyekimbia.

Katika Maandiko tunasoma habari za nabii Yeremia alipolinunua shamba la Anathothi, kijiji kilichokuwa kando tu ya jiji la Yerusalemu, kama vile Ruiru ilivyo kando ya Nairobi. Muuzaji alikuwa Hanameli, mwana wa baba yake mdogo. Angalieni basi jinsi nabii alivyofanya, ingawa muuzaji ni ndugu yake na ingawa ameamriwa na Mungu mwenyewe kununua. Hakusema, “Huyu ni wetu, tunaaminiana.” Alipima fedha mizanini mbele ya mashahidi, shekeli 17. Aliandika hati, akaitia sahihi, na mashahidi nao wakaitia sahihi. Zilikuwa nakala mbili, moja iliyotiwa muhuri na nyingine ya wazi, naye akamkabidhi Baruku zote mbili hadharani aziweke katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. (Tukiruhusiwa utani kidogo, Hanameli naye alijua wakati wa kuuza, maana jeshi la Babeli lilikuwa limekwisha kuuzingira mji.) Ikiwa nabii alitaka mashahidi kwa binamu yake, sisi tunaogopa nini kumwomba mtu tusiyemjua atuonyeshe karatasi zake?

Sheria za nchi yetu hazidai zaidi ya yale aliyoyafanya Yeremia. Mkataba wa kununua ardhi sharti uandikwe, utiwe sahihi na pande zote mbili, na kila sahihi ishuhudiwe. Makubaliano ya mdomo na kupeana mikono kwa chifu hayatoshi, hata chifu awe mwema kiasi gani. Kabla ya kutoa hata shilingi ya kwanza, mnunuzi aende ofisi ya ardhi aombe kukaguliwa daftari, ajue jina la mwenye ardhi, ukubwa wake, na kama kuna mkopo wa benki au zuio la mahakama juu yake. Mkiambiwa kwamba kiwanja kimetokana na shamba kubwa, ulizeni nambari ya hati mama, mkaikague nayo. Mara nyingine faili la shamba la mlowezi liko Nairobi na wala haliko katika ofisi ya hapa karibu. Tangu mwaka 2021 Serikali imeanzisha mfumo wa Ardhisasa wa kukagua kwa kompyuta, ukianzia Nairobi. Unasaidia, lakini usiwe sababu ya kuacha kwenda shambani na mpimaji mwenye leseni kutazama bikoni kwa macho. Na ikiwa ardhi bado imeandikwa kuwa ya kilimo, mauzo yanahitaji kibali cha Bodi ya Ardhi, kikiombwa ndani ya miezi sita tangu mkataba ufanyike. Vinginevyo mkataba unakuwa batili.

Tukiwa kwenye vipimo, tukumbushane jambo dogo. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 huuzwa kila siku kwa jina la thumuni ya ekari. Thumuni kamili ni futi za mraba 5,445. Kiwanja hicho kina 5,000. Huo ni upungufu wa chumba kimoja kikubwa na jiko, nao umezoeleka hata hakuna aulizaye.

Wengine hutuambia, “Sisi tuna hatimiliki, mambo yamekwisha.” Twawaomba wasikilize. Ibara ya 40 ya Katiba inalinda mali ya kila mtu, lakini kifungu chake cha sita kinasema ulinzi huo hauifikii mali iliyothibitika kupatikana kinyume cha sheria. Aprili 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya ardhi ya ufuoni Mombasa, iliamua kwamba mnunuzi hawezi kujificha nyuma ya hatimiliki ikiwa shina la hati hiyo limeoza. Alipaswa kuchunguza ardhi ilitokaje mikononi mwa mwenyewe wa kwanza. Na tusidhani ni mambo ya Pwani tu. Upande wa pili wa Nairobi, kwenye barabara ya kwenda Machakos, watu waliojenga Syokimau walibomolewa nyumba zao Novemba 2011, ikadaiwa kwamba ile ni ardhi ya uwanja wa ndege. Oktoba 2023 matingatinga yakaingia tena Athi River, katika ardhi ambayo mahakama ilikuwa imeamua ni ya kiwanda cha saruji. Mliona picha. Zilikuwa nyumba za mawe, nyingine za ghorofa, na watu wameketi nje juu ya magodoro. Wengi wao walikuwa na karatasi mkononi. Tunasema wazi kwamba kubomolea watu nyumba huku waliowauzia wakitembea huru ni haki iliyokatwa nusu. Lakini hukumu ya mnyang'anyi, hata ikija, haijengi upya ukuta ulioanguka.

Mpaka hapa tumesema juu ya mnunuzi anayedhulumiwa. Sasa tuseme juu ya mnunuzi anayedhulumu, maana hilo halipendezi masikioni na kwa hiyo husahaulika.

Mashamba yale yalipogawanywa, mara nyingi palitengwa mahali pa shule, zahanati, soko na makaburi. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu binafsi kote nchini. Anayenunua leo kiwanja kilichochorwa shule katika ramani, tena kwa bei ya chini inayomfurahisha, amenunua madawati ya watoto wa jirani yake, na wa kwake pia. Bei ndogo kupita kiasi ina maelezo, na wajibu wa kuyatafuta ni wa mnunuzi. Vivyo hivyo viwanja vya ukingoni mwa mto. Mto Ruiru na mto Ndarugu havijui mikataba yetu, na mafuriko ya mwaka 2024 yalitukumbusha hivyo kwa uchungu.

Tena kuna mke wa muuzaji. Tulipata kumpokea mama aliyejua kwamba shamba analolilima limeuzwa siku alipoona vigingi vya mpimaji katikati ya mahindi yake. Mumewe alikuwa amepokea fedha na kuzimaliza. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inakataza kuuza nyumba ya ndoa bila idhini ya mwenzi. Lakini mnunuzi Mkristo asingoje kulazimishwa na sheria. Aombe kuonana na mke wa muuzaji, ana kwa ana, na watoto wakubwa kama wapo. Asikubali kuambiwa kwamba mama ni mgonjwa au yuko safarini. Atamngoja arudi.

Sasa turudi kwenye kipaza sauti. Baraza la parokia, kwa ombi letu, limeamua kwamba tangu Jumapili ijayo hakuna tangazo la viwanja wala nyumba za kuuzwa litakalosomwa kanisani wala kubandikwa ubaoni, hata muuzaji awe mwanachama wa kwaya, hata awe mfadhili wa parokia. Tumewarudishia wenyewe mchango ambao haukuwa safi, kwa kadiri tulivyoweza. Haukutosha kumfidia mtu hata mmoja. Kesi ya zile familia saba ingali mahakamani. Twaomba kila jumuiya ichague watu wawili, mwanamume na mwanamke, wanaojua kusoma hati kwa utulivu, ili yeyote anayetaka kununua apate wa kufuatana naye kabla ya kulipa.

Jumanne, saa mbili asubuhi, tutakutana mbele ya ukumbi huu kwenda pamoja ofisi ya ardhi. Anayetaka kukagua kiwanja chake aje na nambari yake, kitambulisho, na nakala za karatasi. Hati asili aziache nyumbani. Yule mama mjane amekubali kutuongoza, kwa kuwa sasa anayajua madirisha yote ya ofisi ile, na lipi hufunguliwa saa ngapi.